Sahani na Orodha: Historia ya Chakula cha Mtoto katika Fizi



Tangu Septemba 2019, mtoto wa Kongo anayeingia shule ya msingi ya umma hapaswi tena kutozwa minervali, iwe ni shule ya serikali yenyewe au ile ambayo Eklezya inaiongoza kwa mapatano na serikali. Haki hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006, nayo ilikaa kwenye karatasi miaka kumi na mitatu. Ilipotekelezwa, watoto walimiminika. Benchi la watatu lilikaliwa na watano. Yote hayo mnayajua, maana wengi wenu mlikuwa wanafunzi mwaka ule.

Lakini kufutwa kwa minervali hakukugusa tumbo la mtoto. Anaondoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu kinywani, anapanda kilima au anafuata njia ya pwani, anakaa darasani hadi saa sita zimepita, kisha anarudi kwa miguu yale yale aliyokuja nayo. Kwa hiyo swali limeanza kusikika katika mikutano ya wazazi na hata katika jumuiya zetu: je, watoto wote wa shule, bila kubagua, wangeweza kupewa chakula cha bure mchana? Wengine hujibu upesi kwamba hilo ni jambo la nchi tajiri, au ni kazi ya mashirika ya wageni. Tumeona vema, kabla ya kujibu, tuangalie historia yetu wenyewe: ni nani aliyewalisha watoto wa Fizi, kwa sababu gani, na kwa masharti gani.

Tuanze nyumbani. Katika vijiji vya Babembe palikuwapo lubunga, mahali pa wanaume pa kukutania, kuamua mambo na kula. Kila nyumba ilipeleka chakula chake pale, na wavulana walikula humo pamoja na baba zao na baba wadogo, wakisikiliza maneno ya wakubwa. Mtoto ambaye mama yake hakupika siku ile alikula alichopika mama wa mwenzake, wala hakuna aliyeuliza sahani ilitoka wapi. Tusiipambe lubunga kupita kiasi. Wasichana hawakuwamo, wao walibaki jikoni kwa mama zao, na mara nyingi walikula kilichosalia. Hata hivyo, wazo la kuwalisha watoto wa kijiji kizima mahali pamoja lilikuwapo milimani kwetu kabla ya shule yoyote.

Wageni wa kwanza waliokusanya watoto wengi na kuwalisha katika pwani yetu walikuwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Mwaka 1883 walifungua misheni ya Kibanga, upande wa Ubwari, wakaiita Lavigerieville kwa heshima ya Kardinali Lavigerie. Huo ulikuwa wakati wa misafara ya watumwa iliyovuka ziwa kuelekea Ujiji. Mapadri walikomboa watoto kwa kuwanunua kutoka kwa wafanyabiashara, wakawaweka misheni, wakawafundisha kusoma na kusali, na kuwalisha kwa mazao ya mashamba waliyoyalima pamoja nao. Mwaka 1893 kituo kiliachwa, kwa kuwa magonjwa yalikuwa yamewamaliza watu, na kazi ikahamia kusini, Baudouinville, yaani Kirungu ya leo.

Tunawashukuru kwa uhai wa watoto wale. Lakini tuangalie sharti lililoambatana na chakula. Mtoto wa Kibanga alilishwa kwa sababu hakuwa tena na wazazi wala ukoo; alikula akiwa mtoto wa misheni. Mtoto wa Kibembe aliyeishi kijijini, mwenye mama yake na njaa yake, hakuwamo katika hesabu hiyo. Tangu mwanzo, basi, sahani ya mgeni ilikuja pamoja na orodha ya wanaostahili. Jambo hili litarudi mara nyingi.

Wakati wa Wabelgiji waganga walianza kuandika juu ya ugonjwa ambao mama zetu waliujua zamani. Katika Kivu unaitwa bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi ya kutu, anakuwa mkimya na hataki kucheza. Mwaka 1935 mganga mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi inayoitwa leo Ghana, aliueleza ugonjwa huo kwa jina la watu wa kule, kwashiorkor. Huku kwetu Kivu Kusini, Lwiro katika Kabare ikawa mahali pa kuuchunguza na kuutibu kwa miaka mingi, na huko Bukavu, katika miaka ya 1960, raia wenyewe waliunda Comité Anti-Bwaki ili kupambana nao. Uchunguzi ulionyesha jambo ambalo kila kijana wa Fizi anapaswa kulielewa: tumbo linaweza kushiba na mwili ukabaki na njaa. Bugali wa muhogo peke yake unatoa nguvu ya kutembea, lakini haujengi mwili. Mtoto anahitaji maharagwe, karanga, samaki, mboga na mafuta.

Hapo wengine wenu mtashangaa. Je, sisi si watu wa ziwa? Ndagala hukaushwa mchangani Baraka karibu mwaka mzima; mawese yanatoka kwetu; sombe iko nyuma ya kila nyumba. Ni kweli. Lakini ndagala ni fedha. Mama anayenunua kapu kwa wavuvi alfajiri hulipeleka sokoni ili apate sabuni, chumvi, dawa na daftari, na samaki huyo huishia Bukavu au kwenye machimbo ya dhahabu, si katika sahani ya mtoto wake. Bwaki kando ya ziwa lenye samaki ni jambo la soko zaidi kuliko la ujinga wa mama, ingawa mafundisho mengi ya lishe tuliyoyasikia yalimlaumu yeye.

Uhuru ulipokuja, Fizi haikupata muda wa kupumua. Uasi wa Simba ulifika pwani yetu mwaka 1964. Tarehe 28 Novemba ya mwaka ule waliuawa katika Baraka na Fizi Bruda Vittorio Faccin, Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert, ambao Eklezya iliwatangaza wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Mwaka uliofuata Che Guevara alipita milimani humu, na tangu 1967 Laurent-Désiré Kabila alikuwa na makao yake ya uasi katika Hewa Bora. Kwa muda wa karibu miaka ishirini serikali ya Zaïre iliitazama milima ya Fizi kama nchi ya adui. Usitafute hapo barabara nzuri, wala kantini ya shule.

Mambo ya shule kitaifa tutayapita upesi. Mwaka 1974 Mobutu alizitwaa shule za makanisa. Mwaka 1977 alizirudisha kwa mapatano, kwa kuwa serikali ilishindwa kuziendesha. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ilipoacha kuwalipa walimu ipasavyo, mzazi ndiye aliyewalipa. Kwa karibu miaka thelathini familia ya Fizi ilichagua kila mwanzo wa mwaka nani asome na nani abaki, na mara nyingi binti ndiye aliyebaki.

Kisha vita vya 1996, na vile vya 1998 vilivyofuata. Wengi wetu tulivuka ziwa usiku kwa mitumbwi. Wadogo zetu walizaliwa ng'ambo, katika kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, au katika Lugufu. Kule tulijifunza maana ya karatasi. Karatasi ya mgao ilikuwa uhai: unga, maharagwe, mafuta na chumvi vilipimwa kwa hesabu ya vichwa vilivyoandikwa juu yake. Mtoto aliyezaliwa baada ya kuhesabiwa alisubiri, na mama yake aligawanya cha wenzake. Tangu Oktoba 2005 shirika la HCR lilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Aliyerudi kwa meli alipewa chakula cha kuanzia maisha. Jirani yake, ambaye hakukimbia, ambaye alijificha msituni miaka yote ya vita na kuzika watoto huko, alisimama kando ya barabara akitazama magunia yakishuka. Maneno yaliyosemwa siku zile kati ya waliobaki na waliorudi hayajasahaulika yote hadi leo.

Mwaka 2015 zamu iligeuka. Warundi walikimbia nchi yao, na kambi ikafunguliwa Lusenda, katika teritwari yetu wenyewe. Sasa sisi ndio wenyeji. Watoto wa wakimbizi waliingia katika shule moja na watoto wetu, wakafuata mafundisho yale yale ya Kongo. Mmoja kwao kuna msaada, mwingine kwao hakuna. Kesho yake kunatokea mradi kwa ajili ya watoto wa wenyeji, na yule wa kwanza anakuwa nje. Baadaye, mapigano ya milimani yalipowashusha watu pwani, liliongezeka kundi la tatu, nalo lina orodha yake.

Hatuandiki haya ili kuyalaani mashirika. Mwenye magunia mia kwa watu elfu hana budi kuchagua, na kuchagua bila orodha ni kuwaachia wenye nguvu. Lakini katika wakati wa amani, hata amani hii yetu yenye mashimo, orodha hizi zinawafundisha watoto kujijua kama mkimbizi, mrejeaji, mhamiaji na mwenyeji kabla hawajajijua kama wanadarasa. Na shule tayari ina orodha moja ambayo kila mtoto yumo: daftari la mahudhurio. Kila asubuhi mwalimu huita majina, na hakuna anayeulizwa ana karatasi gani. Ndiyo maana tunasema kwamba chakula cha shule, kama kitakuwapo, kiwe cha wote. Chakula cha shule kwa maskini peke yao, au kwa yatima peke yao, kitakuwa gunia jingine la kugombania.

Wapo waliofikia uamuzi huo kabla yetu, nao hawakuwa matajiri wakati huo. Ufini ilipitisha sheria ya chakula cha bure kwa kila mtoto wa shule ya msingi mwaka 1943, vita vikiendelea. Kabla ya hapo chakula kilitolewa zaidi kwa watoto wa maskini. Halmashauri zilipewa miaka mitano kujiandaa, na mwaka 1948 sheria ikaanza kutumika kila mahali. Watoto wenyewe walitakiwa kusaidia kwa kulima na kuokota matunda ya msituni. Hadi leo mtoto wa waziri na mtoto wa mfagiaji wanakula katika chumba kimoja.

Mfano wa India unatuhusu zaidi, kwa kuwa ulianzia kwa raia. Mwaka 2001 kulikuwa na ukame na njaa katika Rajasthan, wakati maghala ya serikali yalikuwa yamejaa nafaka iliyoanza kuoza. Chama cha kutetea haki za raia kikaenda mahakamani. Tarehe 28 Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya nchi iliamuru kwamba kila mtoto wa shule ya msingi ya umma, au inayosaidiwa na serikali, apewe chakula kilichopikwa, siku zisizopungua 200 kwa mwaka. Amri ilisema kilichopikwa, kwa sababu majimbo mengi yalikuwa yakigawa nafaka kavu ya kupeleka nyumbani. Watoto wa matabaka yaliyobaguliwa wakaketi kula pamoja na wengine; mahali pengine wazazi walikataa, na ugomvi huo bado haujakwisha kabisa. Katiba yetu nayo, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya usalama wa chakula. Kifungu hicho husomwa mara chache kuliko kile cha 43.

Karibu zaidi nasi, Kenya ilianza mwaka 1979 kuwapa watoto wote wa shule za msingi maziwa ya bure, yaliyoitwa Maziwa ya Nyayo. Waliokuwa watoto wakati ule wanayakumbuka kwa furaha hata leo. Lakini yalitegemea amri ya Rais na hazina ya serikali, na katika miaka ya 1990, fedha zilipopungua, yakafifia na kukoma. Malawi ilifuata njia nyingine. Kazi ya Mary's Meals, iliyoanza mwaka 2002 kwa watoto 200 huko Blantyre, inategemea michango ya waamini na watu wenye mapenzi mema pamoja na mama wa kujitolea wanaopika uji kabla ya jua kuchomoza. Leo inawafikia watoto zaidi ya milioni mbili katika nchi mbalimbali. Tunaiheshimu sana, ila mwenye kuchangia yuko mbali, na wa mbali anaweza kuchoka.

Na sisi je? Shirika la PAM limewahi kupika katika baadhi ya shule za Kivu Kusini, na tunajua jinsi mambo yanavyokuwa mradi unapomalizika: masufuria yanabaki, moto unazimika. Tuchukue basi hesabu, kwa kuwa kijana asiyependa hesabu hatafika mbali katika jambo hili. Kipimo cha kawaida cha mlo wa shule ni gramu 120 za unga au nafaka kwa mtoto, gramu 30 za maharagwe, gramu 10 za mafuta na chumvi kidogo. Shule yenye watoto 400 inahitaji kila siku kilo 48 za unga, kilo 12 za maharagwe na kilo 4 za mawese. Kwa siku 200 za masomo ni karibu tani kumi za unga na tani mbili na nusu za maharagwe. Ili kupata unga huo kwa muhogo zinahitajika tani thelathini na zaidi za mihogo mibichi. Bustani ya shule haitaweza, hata watoto wakilima kutwa nzima, nao hawakuja shuleni kulima. Bustani itoe sombe, nyanya na mchicha.

Unga na maharagwe vitanunuliwa. Swali ni kwa nani. Brazili, kwa sheria ya mwaka 2009, iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule itumike kununua kwa wakulima wadogo. Fikirini jambo hilo katika Mutambala au Lulenge: mama anayelima maharagwe anajua tangu wakati wa kupanda kwamba shule ya kijiji itayanunua. Fedha inabaki kijijini, na chakula hakipiti njia ndefu yenye vizuizi. Kwa Fizi hilo ni suala la usalama pia. Ghala lenye tani kumi za unga huwaita wenye silaha. Kununua kidogo kila juma hakuwaiti.

Yako mambo mengine yasiyopendeza kusimuliwa. Kipindupindu hakiondoki pwani yetu. Mahali ambapo watoto 400 wanakula bila maji safi na bila kunawa, chakula kitaleta kifo. Kwa hiyo bomba au kisima na choo vitangulie sufuria. Kuni nazo: milima inayozunguka Baraka imekwisha kunyolewa, na majiko yanayotumia kuni chache ni ya lazima.

Kuna wanaosema kwamba watoto watafuata sahani, si kalamu. Huenda wengine watafanya hivyo. Lakini machimbo ya Misisi nayo yanawaita wavulana kwa chakula cha siku ile ile, na mtumbwi wa kuvua unawaita kwa sahani ya ndagala. Mtoto mwenye njaa atamfuata anayemlisha. Sisi tunapendelea afuate njia iendayo darasani, ambako akisha kula atamkuta mwalimu.

Linabaki jambo la wapishi, ambalo katika mikutano yetu hupitwa haraka kwa kusema kwamba kina mama watajitolea. Kusonga kilo 48 za bugali ni kazi ya watu kadhaa tangu usiku, pamoja na kuteka maji na kukata kuni. India ina wapishi na wasaidizi zaidi ya milioni mbili katika shule zake, wengi wao wanawake, na tangu mwaka 2009 posho iliyowekwa na serikali kuu ni rupia 1,000 kwa mwezi, kiasi ambacho wao wenyewe wamekilalamikia kwa maandamano. Mama wa Fizi anayepika shuleni hatakwenda shambani siku ile, naye ana watoto wa kulisha jioni. Vikundi vitakavyojadili jambo hili na kamati za wazazi viandike posho ya wapishi katika hesabu ya kwanza kabisa, mstari mmoja na unga na maharagwe, na viwaalike mama hao waseme wenyewe ni kiasi gani kinatosha.